Jembe la Litowa, karatasi za Dar

Basi lilitushusha Mbezi alfajiri, viuno vimekauka. Songea hadi Dar si mchezo: Njombe, Makambako, Iringa, Mikumi, na ukifika Morogoro ukidhani umemaliza, foleni inakukumbusha ulipo. Nikanywa chai kwa mama ntilie, nikapanda mwendokasi kwenda mjini na begi langu mapajani, maana humo ndani mlikuwa na jembe.

Nilitumwa na wazee. Kijijini kwetu, Songea Vijijini, wametenga chumba kimoja wakitaka kiwe makumbusho ya vijana walioanzisha kijiji cha Litowa. Kwa asiyeijua habari hiyo: mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini kulima pamoja. Azimio la Arusha lilikuwa bado miaka saba. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana kuwa Ruvuma Development Association, wakapata mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, na shule ya Litowa ambako watoto walisoma na kulima. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi nao na familia yake, akiwa mshauri. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho cha vijiji. Walimu wakahamishwa, mali ikachukuliwa.

Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert. Yalifunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George V wa Uingereza, na bado jengo la zamani limesimama na milango yake mizito. Mhifadhi aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, miwani kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, una vitu au una hadithi?"

Nikafungua begi. Jembe lenyewe limelika hadi limebaki nusu, mpini umekuwa laini kwa mikono ya watu. Nilikuwa na kadi ya TANU na picha moja ambayo mende wameila pembeni. Hakugusa chochote kwanza. Alivaa glovu, akauliza: la nani, nani kalitoa, lini, lilitumika wapi? Nikajibu mawili, mengine nikabaki kukuna kichwa.

Akanichukulia kigoda kimoja, akakipindua. Chini, mahali ambapo mtazamaji hafiki, palikuwa na namba ndogo imeandikwa kwa mkono ulionyooka. Namba hiyo iko pia kwenye daftari, na kwenye daftari kuna maisha yote ya kigoda hicho. "Bila hili," akasema, "una stoo." Akanieleza habari za mchwa na dudu wa mbao: kitu kidogo unakifunga vizuri kwenye plastiki, unakiweka kwenye friza kali hadi wafe. Picha usiziweke juani. Jembe usilipake rangi hata kama mwenyekiti wa kijiji anataka ling'ae. (Kwetu angetaka.)

Nilizunguka kumbi. Fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lina watu wake, wanafunzi wamelizunguka wanasukumana. Magari ya Mwalimu nayo yana watu wake. Nilikaa pale nikiwaza: gari la kiongozi lilitunzwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu kila mtu alijua ni la nani. Jembe la kijana wa Litowa lilikuwa chombo cha kazi, likiisha linatupwa. Ndiyo maana tumepata moja tu.

Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, nilipita haraka. Msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, vyote vizuri, ila mimi nilikuwa natafuta karatasi. Karatasi nilizifuata Chuo Kikuu, maktaba, kitengo cha East Africana. Begi unaliacha nje, unaingia na penseli. Nikafungua magazeti ya enzi zile, kurasa zimekuwa rangi ya chai, natafuta Ruvuma. Inachosha macho na inanoga. Yaani vijana walilima Songea, na habari zao zimekaa juu ya kilima cha Dar ambako wajukuu zao hawafiki bila nauli.

Kilichonisumbua ni maneno ya kibao tutakachotundika kueleza mwaka 1969. Wenzangu wengine wa kamati ya makumbusho yetu wanataka tuandike tu "chama kilimaliza shughuli zake". Hilo mimi silikubali. Chama hakikuchoka chenyewe. Jioni nikiwa Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Mtaa wa Lumumba ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, nikampigia mzee mmoja aliyekuwa mwanafunzi Litowa.

"Baba, tuandikeje kufungwa?"

Akacheka kidogo. "Andika kilivunjwa. Andika na nani, na tarehe. Halafu andika tulikuwa tunapanda nini mwaka huo, maana mahindi hayakungoja kikao."

"Na waliokasirika je?"

"Waje waseme na wao. Weka kiti na kinasa sauti."

Kesho yake nikaenda Kariakoo: daftari kubwa la jalada gumu, penseli, glovu za pamba, kinasa sauti cha mtumba baada ya kubishana bei hadi muuzaji akanipa kiti. Friza tutaazima kwa muuza samaki wa Peramiho, akikubali. Ukurasa wa kwanza nimeshaujaza ndani ya basi, pamoja na majibu mawili niliyokuwa nayo. Yaliyobaki nitaanza kuyauliza kwa bibi aliyetutolea mpini huu.