Nilivyopima nafasi yangu ya kuingia UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kabla ya kulipia ombi

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwezi wa saba, nilikuta Biolojia B, Kemia C, Fizikia D. Division wani ya pointi 9. Nyumbani Mpunguzi, Dodoma, vigelegele vilipigwa, na tangu hapo kila aliyepita alikuwa na neno lilelile: "Wani hiyo! Unaingia popote." Baba mdogo ndiye aliyeshikilia zaidi. Alitaka niombe udaktari Muhimbili, UDOM na kila chuo chenye udaktari, nisiweke kozi nyingine yoyote. Sikumbishia mbele za watu, ila hiyo "unaingia popote" iliniudhi na inaniudhi mpaka leo, maana kuna vijana wamebaki nyumbani mwaka mzima kwa ajili yake.

Kuwa na sifa ya kuomba ni jambo moja, kupata nafasi ni jambo jingine. Mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, unataka mwombaji wa udaktari awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kwa jumla ya pointi zisizopungua 6. Mimi nilikuwa na 9. Ukiishia hapo utalala usingizi mnono. Lakini hizo 6 zinakuingiza kwenye foleni tu, kama ndoo bombani: ukishaipanga, uliza ndoo ngapi ziko mbele yako na maji yanakatika saa ngapi.

Halafu kuna hesabu ya pointi, inayowachanganya hata walimu. Kwenye division, pointi chache ndiyo ufaulu mkubwa: A ni 1, B ni 2, hadi E ni 5. TCU wanageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo kila somo ukijumlisha hesabu zote mbili linatoa 6, na masomo matatu yanatoa 18. Chukua 18, toa pointi za division yako, umepata pointi zako za udahili. Mwenye wani ya 3 ana 15. Mwenye division tuu ya 12 ana 6, yaani kwa pointi naye anaruhusiwa kuomba udaktari! Mimi 9 yangu ilibaki 9 pande zote, na hapo ndipo watu walipopotelea. Waliiona kama 9 ya wani, kumbe kwenye foleni ilikuwa 9 mbele ya watu wenye 15, 14 na 13. (Hesabu hii haifanyi kazi ukiwa na S au F. Na kozi nyingi zinahesabu masomo mawili tu, jumla isipungue 4, kwa hiyo soma mstari wa kozi yako.)

Nilianza kwa kupiga simu chuo kimoja. Jibu: "Sifa unazo, omba tu." Nikauliza waliopata mwaka jana waliishia pointi ngapi, nikaambiwa tena niombe tu. Kwenye grupu la WhatsApp la waombaji ndiyo kabisa, kila mtu ana mjomba chuoni.

Nikaona bora nihesabu mwenyewe. Mwongozo wa TCU unaonyesha pia kila kozi ina nafasi ngapi, na watu wengi hawaangalii safu hiyo. Nilizinakili nyuma ya kaunta buku. Kisha nikafungua matokeo kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, shule moja baada ya nyingine. Ukiona mtu ana Physics, Chemistry na Biology, huyo ni PCB, ni mwenzako wa foleni. Mdogo wangu alisoma kwenye simu, mimi nikachora vijiti kwa kila PCB mwenye pointi 3 hadi 8 za division, wale walionizidi. Tulianza na Kibaha, Ilboru na Mzumbe. Bando la elfu mbili likaisha, tukanunua jingine. Vijiti vilizipita nafasi za udaktari za chuo kimoja wakati shule nyingi bado hatujazigusa.

Ni kweli wote hawaendi chuo kimoja, wengine wanataka famasia, wengine wanapata ufadhili. Ndiyo maana nilirudi shuleni kwa mwalimu wa taaluma, akanitolea faili la mwaka uliopita. Tukawatafuta waliopata pointi 8, 9 na 10 kwa PCB, nikawapigia mmoja mmoja: uliomba nini, wapi, ulipata awamu ipi? Waliojaza udaktari peke yake walikosa awamu ya kwanza. Waliojaza uuguzi walipata mapema. Simu hizo zilinisaidia kuliko ushauri wote niliopewa bure.

Uuguzi naupenda tangu nilipomuuguza bibi wodini, kwa hiyo roho haikuniuma. Nikampelekea baba mdogo daftari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hivi vijiti vyote ni nini?"

"Ni watu walio mbele yangu, baba. Na hizo ni shule chache."

Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akauliza ada ya kuomba ni shilingi ngapi. Kama elfu kumi hivi kwa chuo. Zabibu zilikuwa zinavunwa, akanipa ya vyuo viwili na nauli ya mjini.

Niliomba dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi. Usisubiri la pili, maana hilo hufunguliwa kwa kozi zilizobakiwa na nafasi. Nikachaguliwa vyuo vyote viwili, uuguzi UDOM ukiwemo. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa namba maalumu kwa ujumbe wa simu, unathibitisha chuo kimoja kabla siku hazijaisha. Kwa hiyo ukijaziwa fomu stesheneri, simama hapohapo uone imeandikwa namba yako ya simu. Mwenzangu mmoja alijaziwa namba ya kijana wa kompyuta, ujumbe ukaingia kwenye simu ya yule kijana, na tulimfuata hadi mtaani Sabasaba, mjini Dodoma, siku ya mwisho ya kuthibitisha.