Siku saba za zege: namna ninavyoendesha mradi wa kwanza wa wanafunzi

Wanafunzi wanaoanza somo la usimamizi wa miradi huwa nawapa mradi uleule: kuvuna maji ya mvua katika shule ya sekondari ya kata mkoani Pwani. Tangi moja la plastiki la lita 5,000, gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) upande mmoja wa paa la madarasa, jukwaa la tofali na koki mbili. Ni mradi mdogo, lakini una kila kinachofundishwa darasani: mteja, fedha za watu, fundi, na tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Tarehe hiyo imewekwa na mvua. Vuli huanza Oktoba. Tangi likikamilika Desemba, shule itakaa hadi masika ya Machi ndipo ifaidi.

Kwanza nawatenganishia mradi na shughuli za kila siku. Kujenga tangi kuna mwanzo, kuna mwisho, na kuna kitu kinachokabidhiwa. Kusafisha gata kila msimu hakuna mwisho, kwa hiyo hakumo katika mradi, ingawa andiko la mradi lazima limtaje atakayebaki na kazi hiyo.

Baada ya hapo ni mawanda, yaani nini kimo na nini hakimo. Ukurasa mmoja unatosha, ilimradi uwe na namba. Jengo lina urefu wa mita 20, na upande mmoja wa paa unafunika mita 4 za ardhi. Upana huo upimwe chini, kutoka katikati ya jengo hadi matone yanapoangukia. Ukipima bati lenyewe kwa mteremko wake utapata eneo kubwa kuliko mvua inayopokelewa. Hapo tuna mita za mraba 80. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na kwa kuwa mengine huruka pembeni au kukauka juu ya bati, nazidisha kwa 0.85. Mvua ya milimita 20 italeta lita 1,360, na tangi litajaa baada ya milimita 74 hivi. Kwa hesabu hiyo mwanafunzi anaweza kumwambia mkuu wa shule anapata nini hasa. Chini yake tunaandika visivyokuwamo: maji ya kunywa, pampu, na upande wa pili wa paa. Orodha hii ya pili ndiyo itakayoamua mabishano baadaye, na ndiyo wanafunzi wengi wanayoisahau.

Kabla karatasi haijasainiwa kuna kipimo kimoja ambacho hakisubiri: kimo cha gata. Tuseme gata ipo mita 3 kutoka ardhini. Kwa urefu wa mita 20 inahitaji kushuka sentimita 10 kuelekea kwenye tangi, hivyo mwisho wake upo mita 2.9. Tangi lina kimo cha mita 2.1 (kila kiwanda kina chake, pima la dukani kwa futi kamba), na bomba la kuingilia linahitaji sentimita 10 za mteremko. Jukwaa haliwezi kuzidi sentimita 70. Na lisipungue 50, la sivyo ndoo haitakaa chini ya koki. Tunachagua sentimita 60. Mradi unaoruka hesabu hii hugundua siku ya kufunga bomba kwamba mdomo wa tangi upo juu kuliko gata, na hakuna ratiba itakayouokoa.

Wadau siwapangii jedwali refu. Mkuu wa shule anasaini na bodi ya shule inataarifiwa. Lakini mpishi wa shule ndiye atakayechota maji mengi, na mlinzi ndiye anayefungua geti lori la kokoto linapofika Jumamosi. Hao wawili huwa hawamo kwenye orodha ya wanafunzi, nami huirudisha orodha hadi wamo.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo kiini cha zoezi zima. Wanafunzi hupenda kuanza na mchoro wa Gantt, ule wa mistari ya kulala uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Henry Gantt. Nawazuia. Mchoro huo unaonyesha vizuri kazi gani iko wiki gani, lakini mistari peke yake haikulazimishi kusema nini kinasubiri nini. Tunaanza kwa kuivunja kazi vipande, kila kipande kiwe na mtu mmoja wa kuulizwa na kiwe kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole kikiisha. “Ujenzi” si kipande. “Kuta za jukwaa, kozi tatu”, yaani safu tatu za tofali, ni kipande. Kisha mbele ya kila kimoja tunaandika siku zake na kilichokitangulia:

Kibali cha shule, siku 3. Vipimo na mchoro, siku 2, baada ya kibali. Kukusanya bei, siku 3, baada ya vipimo. Kuchimba msingi, siku 1, nako baada ya vipimo. Kununua saruji, mchanga, kokoto na tofali, siku 2, baada ya bei. Kujenga kuta, siku 2, baada ya kuchimba na kununua. Kujaza kifusi, kushindilia na kumwaga zege, siku 2. Zege kukomaa, siku 7. Kuleta tangi, siku 6, baada ya bei. Kununua na kufunga gata, siku 4, baada ya bei. Kuunganisha bomba na koki, siku 1, zege, tangi na gata vyote vikiwa tayari. Kupima uvujaji, siku 2. Makabidhiano, siku 1.

Fuata mnyororo mrefu kuliko yote: kibali, vipimo, bei, ununuzi, kuta, zege, kukomaa, kuunganisha, kupima, makabidhiano. Jumla ni siku 25. Hiyo ndiyo njia muhimu: ukichelewa siku moja popote juu yake, mradi mzima umechelewa siku moja. Tangi linaweza kufika siku ya 14 wakati linahitajika baada ya siku ya 21, kwa hiyo lina siku 7 za akiba. Kuchimba kuna siku 4. Mwanafunzi anayemsukuma mchimbaji amalize asubuhi hiyohiyo hajasoma ratiba yake.

Tazama sasa ile mistari miwili ambayo hakuna anayeshika beleshi: kibali siku 3, zege siku 7. Siku 10 kati ya 25 ni kusubiri. Ratiba nyingi za wanafunzi zinakuja kwangu zikiwa na kazi za mikono tu, na kusubiri kumeachwa nje kwa sababu “hakuna kinachofanyika”. Kinafanyika. Zege la siku saba lililomwagiliwa vizuri huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu zake za siku 28, na lita 5,000 za maji ni tani 5. Fundi atakwambia tangi tupu ni jepesi, liwekwe siku ya tatu. Liwekwe ikibidi, ila bomba la gata lisiunganishwe, maana mvua moja ya usiku italipakia mzigo bila kukuuliza. Na kumwagilia zege asubuhi na jioni ni kazi yenye jina la mtu kwenye ratiba. Lisipomwagiliwa kwa jua la Pwani, uso wake hupasuka nyufa nyembamba na kutoa vumbi.

Kusubiri hakufupishwi kwa pesa wala kwa vibarua zaidi. Kinachofupishwa ni kilicho kabla yake. Hapa ndipo njia muhimu inapolipa gharama ya kuitafuta: bei zinazochukua siku 3 ni za tangi, kwa kuwa tunataka ankara kifani, yaani hati za bei kabla ya kununua, za maduka matatu. Bei ya saruji na tofali inajulikana kwa siku moja hapohapo mtaani. Tukiigawa kazi ya bei vipande viwili, ununuzi wa saruji unaanza siku mbili mapema na mradi unaisha siku ya 23 bila shilingi kuongezeka. Akiba ya tangi inashuka hadi siku 5, bado inatosha.

Mbinu ya njia muhimu ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kampuni ya kemikali ya DuPont pamoja na Remington Rand huko Marekani. Karibu wakati huohuo jeshi la majini la nchi hiyo lilibuni PERT, mbinu nyingine ya kupanga ratiba, kwa ajili ya makombora ya Polaris, na humo ndimo ilimotoka kanuni ya makadirio matatu ninayoitumia kwa tangi. Mambo yakienda vizuri linafika kwa siku 2. Kwa kawaida siku 5. Gari likikosekana, 14. Jumlisha 2, mara nne ya 5, na 14, unapata 36. Gawa kwa 6, ni siku 6. Kanuni haina uchawi wowote. Faida yake ni kwamba inamlazimisha mwenye duka kuitaja ile siku ya 14, ambayo ukimwuliza “lini?” hataitaja.

Vifaa vya jukwaa la mita 2.4 kwa 2.4 nawapa wazipige hesabu wenyewe, kisha tunalinganisha. Msingi wa kina cha sentimita 30, zikiwamo sentimita 10 za zege jembamba la chini, kozi tatu za tofali za inchi 6, halafu zege la juu sentimita 10. Inatoka sentimita 60 na ushei juu ya ardhi. Tofali ni 20 kwa kozi, jumla 60. Nunua 66 kwa ajili ya zitakazovunjika. Zege la juu kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) linakula mifuko 4 ya saruji ya kilo 50, msingi 2, kujengea 1, plasta 1. Mifuko 8, na wa tisa uwe wa tahadhari. Kifusi kishindiliwe kila baada ya sentimita 15. Kikijazwa chote kwa mkupuo na kukanyagwa juu tu, kitashuka tangi likishajaa, jukwaa litapasuka, tangi litalala upande, na kitakachoanza kuvuja ni pale koki inapoingia.

Gharama inayosahaulika karibu kila mara ni boza la maji. Tangi linapimwa uvujaji kabla ya mvua, kwa hiyo maji ya kulipima yanunuliwe. Asilimia 10 ya dharura inakaa kwenye mstari wake na haitumiki kufidia boza ulilolisahau. Hiyo ni ya bei kupanda au fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa unaoshika gata, kukutwa imeoza. Fedha zenyewe nazo zina kusubiri kwake: masurufu, yaani fedha zinazotolewa kabla ya kazi, yanahitaji saini mbili, na mmoja wa watia saini husafiri. Ombi la fedha lipelekwe siku ya kibali, lisisubiri siku ya ununuzi. Fundi simlipi kwa siku. Tunakubaliana bei ya kazi nzima: asilimia 40 kuta na kifusi vikiisha, 30 zege likimwagwa, 30 tangi likipita kipimo.

Hatari tunaziandika tano au sita tu, kila moja na chanzo chake, uwezekano wake kwa 1 hadi 5 na athari yake kwa 1 hadi 5, kisha tunazidisha. Mvua ya ghafla juu ya zege bichi: turubai liwe eneo la kazi kabla ya kuchanganya. Upepo kuviringisha tangi tupu: lifungwe kamba hadi lipate maji. Lori kutopita getini: pima geti siku ileile ya vipimo.

Mabadiliko nayo hayakosekani. Katikati ya kazi mkuu wa shule husema, “Wanangu, mngetuvutia bomba hadi jikoni.” Mwanafunzi mwenye adabu hujibu “sawa, mwalimu,” na hapo ndipo mradi unapoanza kuzama. Nawafundisha kujibu, “Shikamoo mwalimu, tunaomba tuipime, kesho tukuletee majibu.” Kisha wanachukua mpira mwembamba uliojaa maji na kulinganisha kimo cha koki na cha jikoni. Jikoni likiwa juu zaidi, maji hayapandi bila pampu, na pampu iko kwenye orodha ya visivyokuwamo. Majibu yanakwenda kwa karatasi ya nusu ukurasa: siku ngapi zaidi, fedha kiasi gani zaidi, nani anatoa. Saini ikiwekwa tunabadilisha ratiba, isipowekwa tunaendelea.

Kwenye ufuatiliaji sipokei asilimia. “Tumefika asilimia 90” inaweza kusemwa wiki tatu mfululizo. Kipande kimeisha au hakijaisha, basi. Ndiyo maana tulivivunja vidogo.

Kipimo cha mwisho: boza likimwaga maji, weka alama ya kina cha maji kwa ndani, kausha viungo vyote kwa kitambaa, rudi baada ya saa 24. Alama ikishuka au kiungo kikiwa na unyevu, fundi anarudi kabla ya ile asilimia 30. Mwaga ndoo kadhaa za maji kwenye bati pia, uone kama gata inapeleka kote au maji yanasimama katikati. Lita 40 za mwanzo za kila mvua, sawa na nusu milimita ya paa hili, zinabeba vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo kuna bomba la pembeni la kuzitoa, na mtu wa shule aonyeshwe namna ya kulifungua na kulifunga.

Hati ya makabidhiano ina saini mbili, mchoro wa jinsi kilivyojengwa (si ulivyopangwa), risiti zote, na jina la atakayesafisha gata Septemba na Februari. Vilivyobaki vinaorodheshwa pia: kwa kawaida mfuko mmoja wa saruji, tofali nne au tano, na kipande cha bomba. Ni mali ya shule, si ya fundi.