Uko Ufini na Mei imefika? Usimtafute nyota peke yake barafuni

Kila mwezi Mei wenzetu wa kazini huku Ufini hugeuka watu wengine. Wale ambao mwaka mzima hawasalimiani kwenye lifti wanaanza kubishana kwa sauti kuhusu laini ya tatu ya timu ya taifa. Ni mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni. Sisi tuliokulia soka tunakaa mbele ya televisheni na swali letu lile lile: nyota wao nani? Swali si baya, ila kwa mchezo huu litakupoteza.

Anza na saa. Mechi ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20, na saa inasimama kila filimbi ikilia. Uwanjani kila timu ina watu sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mechi za kimataifa timu huvalisha wachezaji 20 na makipa wawili, yaani laini nne za washambuliaji (laini ni watatu wanaoingia pamoja) na jozi tatu au nne za mabeki. Wanapokezana zamu bila kusubiri filimbi, na zamu nzuri haizidi sekunde 40 au 50. Mtu anateleza kwa nguvu zake zote, anatoka anahema, anakaa dakika mbili, anarudi. Mshambuliaji akifikisha dakika 20 kati ya 60 amecheza sana. Maana yake dakika 40 mechi iko mikononi mwa watu ambao majina yao huyajui. Soka haiko hivyo: Messi hakai benchi theluthi mbili za mechi.

Hapo ndipo mastaa wanapoharibu, na ukishajua pa kutazama utaona wazi. Sekunde ya 45 mchezaji anatakiwa akitupe kisahani (kile kipande cha raba wanachochezea badala ya mpira) kwenye kona ya wapinzani, akimbilie benchi, mwenzake aingie. Nyota ananusa bao, anabaki. Sekunde ya 60 miguu imekwisha, anapoteza kisahani katikati ya uwanja, na wapinzani walioingia sasa hivi wanampita kana kwamba amesimama. Kipindi cha pili ndicho hatari zaidi: timu zimebadilishana pande, kwa hiyo benchi iko mbali na lango unalolinda. Mabeki waliobanwa kwao hawana njia ya kutoka kupumzika. Magoli mengi ya kipindi hicho yanaanzia kwenye zamu iliyopitiliza. Na mkibadilishana ovyo, mkaonekana saba barafuni, mmoja anakwenda kizimbani, yaani kukaa nje kwa adhabu, dakika 2 na wenzake wanabaki pungufu.

Olimpiki ya majira ya baridi ya Sochi, Urusi, 2014 ndiyo mfano ambao Wafini hawachoki kuutaja. Mcheza kwao hutunzwa, lakini Urusi walichezea kwao na hawakutunzwa. Walikuwa na Alexander Ovechkin, Evgeni Malkin, Pavel Datsyuk na Ilya Kovalchuk. Ufini walifika robo fainali bila Mikko Koivu na Valtteri Filppula, wote majeruhi. Urusi walitangulia, wakalala 3-1. Ovechkin alimaliza mashindano yote na bao moja, alilofunga mapema katika mechi ya kwanza dhidi ya Slovenia. Kipawa hakikuwa kimepotea, maana kwenye NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, msimu huo huo alifunga mabao 51. Tatizo ni muda. Klabu ina miezi ya kujifunza kucheza watano dhidi ya wanne mpinzani anapokuwa kizimbani: nani asimame mbele ya kipa kumziba macho, nani apige kutoka mstari wa buluu, mbali na lango, nani asubiri pembeni. Timu ya taifa ina siku chache tu. Ukiwapanga wapigaji wanne ambao kila mmoja amezoea kupewa, hakuna wa kutoa. Kulinda ni rahisi kufundisha: wanne wanajipanga mraba, wanafunga katikati, wanawaachia wapinzani pembeni ambako shuti halimsumbui kipa.

Miaka mitano baadaye, kwenye mashindano ya dunia Bratislava, Slovakia, yalijirudia kwa ukali zaidi. Kikosi cha Ufini cha 2019 chini ya kocha Jukka Jalonen kilikuwa na wachezaji wa NHL wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nusu fainali wakakutana na Urusi ya Ovechkin, Malkin, Kovalchuk na Nikita Kucherov, ambaye msimu huo alikuwa ameongoza NHL kwa pointi 128 (mabao na pasi za mabao). Ufini 1, Urusi 0. Mfungaji alikuwa nahodha Marko Anttila, jitu la mita 2 na ushee, miaka 33, ambaye hajawahi kucheza NHL. Fainali Kanada walitangulia, Anttila akasawazisha, akaongeza la pili, na Harri Pesonen akafunga hesabu: 3-1.

Lakini msiende kazini mkasema mastaa hawana faida. Kanada ya Sochi ilijaa mastaa toka kipa hadi laini ya nne, na ikachukua dhahabu kwa kuruhusu mabao matatu katika mechi sita. Sidney Crosby alifunga moja tu, kwenye fainali, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila zamu alirudi nyuma kukaba. Aliyeongoza kwa mabao kwenye timu ile alikuwa beki, Drew Doughty, aliyefunga manne. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo pekee cha haki: nyota anafanya nini kisahani kikiwa kwa adui.

Nyota mmoja tu anacheza dakika zote 60, naye ni kipa. Nagano 1998, mara ya kwanza NHL kusimamisha ligi ili wachezaji wake waende Olimpiki, Kanada na Marekani walipeleka vikosi vya kutisha. Dhahabu ilikwenda kwa Wacheki. Kipa wao Dominik Hašek alizuia penalti zote tano za Kanada kwenye nusu fainali, kisha kwenye fainali Urusi wakafungwa 1-0. Mechi za mtoano hazina marudiano, kwa hiyo kipa akiamka vizuri siku moja, mshahara wa wapinzani wote haumsaidii mtu.

Kwa Wakenya: timu yetu ya Ice Lions inafanyia mazoezi kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Nairobi, uwanja mdogo kuliko wa kimataifa. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakacheza upande mmoja na Crosby na nyota mwenzake wa Kanada, Nathan MacKinnon. Kwenye uwanja mdogo hakuna nafasi ya kukokota kisahani peke yako, kwa hiyo pasi za haraka mtu anajifunza atake asitake.

Kwa kuanza, acha kukifuata kisahani kwa macho, kwanza huwezi. Kipande cha raba cha gramu 170 hivi, kimegandishwa ili kisidundedunde, kinaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Tazama benchi: nani anatoka, baada ya sekunde ngapi, na anatoka mbio au anatembea. Tazama nani anaingia kulinda mwenzake akiwa kizimbani, na nani anajitupa mbele ya shuti. Hao ndio wanaopigiwa makofi na Wafini.

Na ukiona kipa anakimbilia benchi zikiwa zimebaki dakika mbili na timu iko nyuma kwa bao moja, hajaumia. Anamwachia nafasi mshambuliaji wa sita, lango likibaki wazi. Tazama kocha anamwingiza nani. Kwenye robo fainali ya 2019 Uswidi waliongoza 4-3 mpaka dakika mbili za mwisho, na Jalonen hakutegemea mafundi watupu: Anttila alikuwa ndani, karibu na lango. Yeye ndiye aliyesawazisha, na Sakari Manninen akamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza.