Jino moja mbele: namna nilivyoituliza pikipiki yangu kwa ajili ya njia za mawe

Gia ya kwanza ya pikipiki yangu ilikuwa na haraka kuliko mimi. Ni pikipiki ya cc 150, ya aina ile ile inayobeba abiria katika kila kona ya Mwanza, na ilipotoka dukani ilikuwa na sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele yenye meno 15 na ya nyuma yenye meno 42. Mpangilio huo unamfaa sana mtu anayetoka Igoma kwenda mjini kwa lami akiwa na abiria mmoja nyuma. Mimi Jumamosi zangu huzimalizia kwenye vijia vya ng'ombe na vya waenda kwa miguu upande wa Igombe na Kayenze, ambako njia hupita katikati ya mawe makubwa ya matale, ikapanda ngazi za mwamba zilizolainishwa na kwato, kisha ikashuka ghafla hadi kwenye mchanga wa ufukweni.

Mahali kama hapo mwendo mdogo kabisa ambao pikipiki inaweza kwenda bila injini kuzimika ndio unaoamua kama utapita au utaanguka. Pikipiki yangu katika gia ya kwanza, klachi ikiwa imeachiwa yote, ilikuwa haikubali kwenda chini ya takribani kilomita 8 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayekimbia kidogo, nayo ni kubwa mno unapotaka kuliweka gurudumu la mbele juu ya jiwe fulani na si jiwe la jirani yake. Kwa hiyo nilikuwa nikiendesha kwa nusu klachi kuanzia chini ya mlima hadi juu. Baada ya miezi michache pleti za klachi zilianza kuteleza, injini ikapiga kelele bila pikipiki kusogea, na oili niliyoimwaga ilikuwa nyeusi yenye harufu ya kuungua. Kosa hilo lilikuwa langu mwenyewe, kwa maana klachi haikutengenezwa ifanye kazi ya gia.

Nilipompelekea fundi wangu, jambo la kwanza alilosema ni kwamba watu humwendea kutaka kinyume chake. Madereva wa bodaboda wanaokwenda safari ndefu humwomba awafungie sproketi ya mbele yenye jino moja zaidi, ili injini izunguke kwa utulivu kwenye lami. «Wewe mwalimu unataka pikipiki ikawie?» aliniuliza. Nikamjibu kwamba ndivyo, nataka ikawie, lakini ikawie ikiwa na nguvu.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele: 42 kwa 15 ni 2.8, maana yake sproketi ya mbele huzunguka mara 2.8 ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Ukiweka meno 14 mbele unapata 3.0 kamili, yaani kila gia inakuwa na mvuto zaidi kwa takribani asilimia 7 na kasi inapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ukiweka meno 13 unapata 3.23, ongezeko la asilimia 15. Matokeo yale yale ya jino moja la mbele unaweza kuyapata kwa kuongeza meno 3 nyuma, kwa kuwa 45 kwa 15 nayo ni 3.0. Watu wengi hawaamini hadi uwafanyie hesabu hiyo mbele yao, kwa sababu macho huvutwa na sproketi kubwa ya nyuma, ilhali kila jino la ile ndogo iliyofichwa chini ya kifuniko lina uzito karibu mara tatu.

Nilianzia mbele kwa sababu ni rahisi. Katika pikipiki nyingi ndogo sproketi hiyo imeshikwa na kibati kimoja na bolti mbili za spana namba 10. Ukishalegeza cheni, kazi yote haimalizi nusu saa. Jino moja pungufu hulirudisha gurudumu la nyuma kama milimita 3 tu, kwa hiyo cheni ile ile inatosha na unachofanya ni kuivuta kidogo. Ukiongeza meno 3 nyuma, gurudumu linatakiwa kusogea mbele karibu sentimita 1, na kama ekseli haina nafasi hiyo itakulazimu kununua cheni ndefu zaidi. Sitetei njia ya nyuma kwa anayejaribu mara ya kwanza, ingawa ina ubora wake nitakaoueleza.

Na meno 14 nilihisi tofauti siku ile ile. Pikipiki iliacha kulalamika kwenye kilima, na katika kushuka injini ilishikilia mwendo vizuri zaidi, nikawa sihitaji kukanyaga breki ya nyuma kila hatua. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku: ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Asilimia 7 ya mvuto niliyoipata mbele ilikuwa karibu kama kurudishiwa deni.

Hata hivyo kwenye ngazi za mwamba bado niliishika klachi, ingawa kwa muda mfupi. Ndipo nikafunga 13. Hapo mlima ukawa mlima wa kupanda kwa mazungumzo: kilomita kama 7 kwa saa, klachi imeachiwa, mikono imetulia, na ukikutana na kina mama wanaotoka ziwani na ndoo kichwani unapata muda wa kusogea pembeni na kuitikia «mwangaluka» bila kuwatimulia vumbi. Gia ya pili, ambayo zamani ilikuwa ikikohoa nikiiweka kwenye njia hizo, sasa ndiyo ninayoitumia zaidi, na ya kwanza nimeiachia sehemu ngumu kweli.

Gharama yake niliiona nikirudi nyumbani kwa lami. Mizunguko ya injini iliyokuwa ikinipeleka kilomita 80 kwa saa sasa hunipeleka chini kidogo ya 70, na kelele ni ile ile. Malori hunipita na mafuta yanatumika zaidi. Spidimita yangu haikudanganyika kwa kuwa waya wake unatoka kwenye gurudumu la mbele, lakini zile zinazosoma mwendo kutoka kwenye gia boksi zitaonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli. Tena sproketi ndogo huikunja cheni kwa ukali zaidi, hivyo cheni na meno vyote vinalika upesi, na cheni inapita karibu zaidi na mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Baada ya wiki tatu nilikuta ule mpira unaoukinga mkono huo umechimbwa mfereji. Hapo ndipo ubora wa kuongeza meno ya nyuma unapoonekana: 14 mbele na 45 nyuma ni 3.21, karibu sawa na 13 kwa 42, na cheni haiteseki. Chini ya 13 sitashuka.

Nilifanya kosa jingine ambalo linaweza kumpata yeyote. Niliikaza cheni pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya kati, gurudumu likiwa limening'inia, nikaona iko sawa kabisa. Nilipoipanda na mzigo, gurudumu lilipopanda juu cheni ikawa kama waya wa zeze na beringi za gia boksi zikaanza kuvuma. Cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo sasa humwita kijana wa jirani akae juu ya siti, nami naipima kutokea hapo. Nilibadilisha pia cheni na sproketi zote kwa pamoja, maana cheni iliyokwisha kurefuka hula meno mapya.

Kwa sasa pikipiki ina 14 na 45, na ile 13 imo kwenye mfuko wa spana, imefungwa kwa kitambaa chenye grisi, kwa ajili ya siku nitakayokwenda kwenye mawe tu. Kwenye luseni, mchanga mwepesi wa miinuko yetu, mpangilio huu unanitosha. Mbugani, kwenye udongo mweusi wakati wa masika, haunisaidii chochote: mvuto mwingi hulifanya tairi lizunguke mahali pamoja, hivyo ninaingia na gia ya pili, resi ndogo, na udongo ukijaa kati ya tairi na madigadi ninashuka na kuuchokonoa kwa kijiti. Kabla ya Machi nataka fundi aipandishe madigadi ya mbele sentimita chache.