Simu ya viazi ndani ya laptopu: nilipofikia

Programu yangu ya viazi sasa inawaka kwenye simu isiyoshikika. Kwa aliyechelewa: ni programu ndogo ya Android ya kumwezesha mkulima wa viazi wa Uyole au Umalila, huku Mbeya, kuandika kilo za kila gunia kabla dalali hajafika. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, hulipwa kama gunia moja, na zile kilo za juu zinaondoka bure. Simu za kila aina sina, kwa hiyo najaribia kwenye emuleta, yaani simu ya kuigiza inayowaka ndani ya laptopu, iliyo kwenye Android Studio (zana ya kutengenezea programu za Android), juu ya Linux.

Kilichonisumbua zaidi ni mashine yenyewe. Laptopu ni ya mtumba, na VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel kuendesha mashine ya kuigiza, ilikuja imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Bila hiyo KVM, sehemu ya Linux inayotumia uwezo huo, haifanyi kazi, na emuleta inakokota miguu mpaka unachoka kuitazama. Ukitaka kujua kama uwezo huo unapatikana kwenye mashine yako, andika `emulator -accel-check`. Nikawasha VT-x, nikajiingiza kwenye kundi la kvm (watumiaji wanaoruhusiwa kuitumia), nikapakua Android ya x86_64, iliyotengenezwa kwa prosesa za aina ya Intel. Ile ya ARM, aina ya prosesa za simu nyingi, kwenye prosesa ya Intel ni kujitesa tu, na bando linaisha bure.

Simu yenyewe nimeinyima makusudi: Android 8.1, RAM GB 2, skrini ya 720 kwa 1280. Wateja wangu ndizo wanazotumia, na laptopu yenye GB 8 nayo inapumua.

Utamu uko kwenye mtandao. Kwenye mipangilio ya emuleta unachagua EDGE, mtandao wa zamani wa polepole, na hapo hapo ni kama uko bondeni Uyole. Picha ya mizani ilizungusha kiduara, ikakata, na kilo zilizoandikwa zikapotea nayo. Sasa kilo zinahifadhiwa kwanza kwenye simu, picha inafuata mtandao ukirudi.

Mawili ya haraka. Seva (programu inayopokea data) iliyo kwenye laptopu, emuleta inaifikia kwa anwani 10.0.2.2; ukiandika localhost, yaani "mashine hii hii", emuleta inajitafuta yenyewe. Na mahali: amri `adb emu geo fix 33.45 -8.9` inaiambia emuleta kuwa iko Mbeya. Longitudo inatangulia. Ukizigeuza, gunia lako linapimwa baharini, nje kidogo ya pwani ya Moroko.

Jua la shambani na vidole vyenye udongo emuleta haivijui. Jumamosi naiweka kwenye simu ya mama mdogo, ambaye ameshaniambia, "Mwanangu, namba ziwe kubwa, miwani siendi nayo shambani." Nimezikuza tayari.