Siku moja maishani mwangu: kujifunza ng'ombe wa malisho, Pongwe

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaingia zizini. Najifunza ufugaji wa kilimo hai kwa Mama mmoja hapa Pongwe, Tanga. Ng'ombe wake ni chotara wa Friesian. Wanakula majani yasiyowekwa mbolea ya chumvichumvi.

Naosha kiwele, nakikausha, halafu matone ya kwanza ya kila chuchu nayakamulia kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi. Yakionekana mabonge, maziwa hayo hayaingii kwenye keni.

Saa moja bodaboda anapeleka maziwa kituoni, yakapimwe kwa laktomita, kuona kama yametiwa maji, na kwa spiriti, kuona kama yameanza kuchacha.

Kisha kupe, kazi ninayoithamini kuliko zote. Huku pwani ugonjwa wa ndigana kali unaua chotara, na anayeueneza ni kupe wa kahawia apendaye masikio. Naingiza vidole sikioni, napapasa mpaka kwenye mikunjo ya ndani, nang'oa kila ninayemgusa na kumtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Vimelea vya ugonjwa huu huchukua siku kadhaa kukomaa kwenye mate ya kupe tangu aanze kunyonya, kwa hiyo ukimuwahi, huenda hajaambukiza. Hata hivyo ndama wetu wamechanjwa. Na ng'ombe akiugua anatibiwa, hata kwa dawa ya kiwandani. Maziwa yake tunayatenga. Viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007 vinaruhusu hivyo, na mimi naona ni haki ya mnyama.

Saa mbili na nusu, umande ukishapungua, tunawatoa malishoni. Mama ananisisitizia majani kwanza.

"Mwanangu, yakibaki urefu wa shibiri moja, watoe. Usisubiri wamalize."

Jani linalobaki ndilo linalolisha mzizi. Likiliwa hadi chini, nyasi huchelewa kuchipua na magugu huchukua nafasi. Ndiyo maana tunahamisha uzio kila siku, na kipande kilicholiwa kinapumzika wiki kadhaa, zaidi wakati wa kiangazi.

Mchana jua kali: kivuli cha mwembe na maji mengi. Anayekamuliwa anaweza kunywa zaidi ya lita 50 kwa siku.

Saa kumi tunakamua tena. Baadaye tunakwenda kukagua kipande cha kesho. Mama anainama, anapima nyasi kwa kiganja.

"Hapa bado. Kesho tutawakatia majani ya mabingobingo wale zizini."

"Sawa, Mama. Nikanoe panga?"

"Noa yote mawili."