Siku salfa ilipotangulia kuisha

Kwenye hadubini hakukuwa na tatizo. Fuwele zetu za aloi ya molibdeni, salfa na seleni, tulizokuza kwa ajili ya vitambuzi vya mwanga, zilikuwa pembetatu za samawati zenye kingo zilizonyooka, zimetapakaa juu ya silikoni yenye oksidi ya nanomita 300, kila moja tabaka moja tu, unene wa nanomita 0.7 hivi. Mambo yalibadilika tulipozimulika kwa leza ya kijani ya nanomita 532 na kupima mwanga ambao fuwele zenyewe hutoa, nukta baada ya nukta. Katikati ya pembetatu mwanga ulikuwa na kilele kwenye nanomita 700, ukingoni 750. Tulitaka 730 kila mahali.

Gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi upate nishati ya mwanga kwa elektronivolti: 1.77 katikati, 1.65 ukingoni. Molibdeni na salfa peke yake hutoa karibu 1.85, ukiweka seleni mahali pa salfa yote, karibu 1.55. Kati ya ncha hizo nishati hushuka karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo katikati robo ya salfa ilikuwa imebadilishwa na seleni, na ukingoni theluthi mbili. Vipimo vya Raman, vinavyosoma mitetemo ya atomu kwa leza, vilikubali: kilele cha seleni cha karibu na 240 kwa sentimita kilipanda kuelekea ukingoni, vile vya salfa vya karibu na 400 vikafifia.

Mpangilio wa tanuri ulikuwa wa kawaida. Miligramu 10 za oksidi ya molibdeni katikati ya bomba, nyuzi 780, na kipande cha silikoni kimefunikwa kifudifudi juu yake. Upande gesi inakoingilia, salfa na seleni katika vibakuli tofauti, kila kimoja na mkanda wake wa joto: salfa nyuzi 180, seleni 300. Argoni sentimita za ujazo 80 kwa dakika, hidrojeni 8. Hidrojeni hiyo si ya hiari, kwani seleni ni mvivu kuliko salfa na bila msaada haiing'oi oksijeni ipasavyo. Ila hidrojeni na seleni hutoa gesi yenye sumu kali, kwa hiyo moshi wote hupitishwa kwenye maji ya magadi makali, ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Jibu lilikuwa ndani ya bomba. Kibakuli cha salfa kilikuwa kitupu, kikavu; cha seleni bado kilikuwa na donge jeusi linalong'aa. Fuwele hukua kutoka katikati kwenda nje kama pete za mti, basi ukingo ulikuwa umeandika dakika za mwisho, mvuke wa seleni ukiwa umebaki peke yake. Mmoja wetu alidhani seleni imeingia ukingoni wakati wa kupoa. Sikubaliani: hapo ungeona ukanda mwembamba wenye mpaka mkali, ilhali ramani yetu ilibadilika polepole.

Kuongeza salfa tu ni dawa mbaya. Inawahi kuungana na molibdeni, na seleni inakosa nafasi. Tulishusha mkanda wa salfa hadi nyuzi 150, tukaongeza kiasi kibakulini ili idumu, kisha tukasimamisha ukuaji salfa ikiwa bado ipo. Mikanda pia iwashwe mapema kidogo. Mvuke ukichelewa, oksidi hupungukiwa oksijeni nusu njia na kuacha vipande vyeusi vya msambamba vinavyopitisha umeme kama metali; kimoja kikikaa kati ya elektrodi, kitambuzi chako cha mwanga ni waya tu.

Pembetatu za siku ile hazikutupwa. Kwenye zile kubwa, elektrodi za titani nanomita 5 na dhahabu 50 ziliwekwa zote mbili ndani ya eneo la katikati, ambako mchanganyiko haubadiliki sana. Vipimo vilifanywa kwenye ombwe. Hewani, oksijeni na unyevu hung'ang'ania uso na kunyakua elektroni. Mwanga huvifukuza, na ukizima taa mkondo unashuka kwa kujikokota, ukadhani aloi ndiyo nzito kuitikia.